Wimbo Aliourithi Buthaina

Kila Jumamosi saa tisa alasiri Buthaina Khalifa huketi mbele ya kipaza sauti katika chumba chetu kidogo cha redio pale Raskazone, Tanga, na kuuliza, "Mlango?" Watoto waliopo studio hujibu, "Uko wazi!" Yeye huuliza tena, "Nani yumo ndani?" Nao hujibu kwa pamoja, "Aliyesahauliwa!" Hapo hadithi huanza.

Mimi ni Ruthi, fundi mitambo wake. Nakaa upande wa pili wa kioo, narekodi, nakata, naunganisha. Nimekaa hapo miaka kumi na moja, kwa hiyo hadithi zake nazijua kuliko hata watoto wangu. Na hili lililomfika mwaka juzi nilikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho.

Buthaina ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, mrefu, mkimya mno akiwa nje ya studio. Ukoo wao ulitoka Omani zamani, wakawa na mashamba ya minazi kusini mwa Tanga na duka la vitambaa mjini. Mashamba yameshakwenda, duka limebaki, na kaka yake Qais ndiye analiendesha. Buthaina hakupenda duka. Alisomea ualimu, akafundisha miaka michache, mumewe akafariki, akarudi nyumbani Usagara kumtunza mama yake, Bi Fakhria. Kazi ya redio aliianza kama kujitolea tu.

Kilichompa jina ni namna yake ya kuzigeuza hadithi. Alichukua zile za zamani ambazo kila mtoto wa pwani kazisikia, akazisimulia kwa mdomo wa yule anayechukiwa. Hadithi ya fisi mlafi aliisimulia kama mke wa fisi, anayengoja nyumbani na wanawe hawajala. Ya mama wa kambo aliianzia siku aliyoingia katika nyumba ambayo kila kitu kilikuwa cha marehemu, hata kijiko cha mchuzi. Ya nyoka aliyeoa binti wa watu aliisimulia kama nyoka. Watoto walipiga simu kwa wingi. Mwalimu mmoja wa madrasa alituletea barua kulalamika kwamba wanafunzi wake sasa wanawaonea huruma mazimwi. Buthaina aliibandika ile barua ukutani kwa furaha.

Ila kulikuwa na hadithi moja hakuwahi kuigusa. Hiyo ilikuwa ya mama yake.

Aliniambia aliisikia tangu akiwa ananyonya, na kwamba mama yake hakuwa na nyingine. Inahusu Bibi wa Kisima. Bibi huyo anaishi peke yake karibu na kisima ndani ya shamba la minazi. Ana kitana cha mti na mafuta ya nazi. Mtoto akienda kuteka maji, Bibi humchana nywele, humpaka mafuta, na mtoto husahau njia ya kurudi kwao. Adhuhuri, jua likiwa utosini, Bibi huingia kisimani na kuimba kama mtu aliyetumbukia. Mtoto akiinama kumwokoa, huvutwa. Alinusurika msichana mmoja tu, kwa kuwa alikimbia bila kutazama nyuma, akaacha kiatu kimoja cha mti pale mdomoni mwa kisima. Na wimbo wenyewe ulikuwa huu:

*Nishike, nishike, mkono wateleza,*
*Nivute, nivute, jua laniishia.*

Mwaka juzi, mwezi wa pili, Buthaina aliamua kuisimulia. Nakumbuka tulibishana kidogo, maana mimi niliiona inatisha mno kwa watoto. Akasema ataisimulia kwa upande wa Bibi, ili watoto wajue Bibi ni mpweke tu, anatafuta mtu wa kumchana nywele. Akaisimulia vizuri sana. Alipofika kwenye wimbo aliuimba kama mama yake alivyouimba, taratibu, sauti ikishuka mwishoni kana kwamba anayeimba amechoka. Mtoto mmoja aliyekuwa studio aliziba masikio.

Tulipomaliza tukafungua simu. Wakapiga watoto watatu, kisha ikaingia sauti ya mwanamke mzee. Hakusalimu. Aliongea polepole, kwa lafudhi ya Mtang'ata, ya vijiji vya kusini, ambayo siku hizi mjini huisikii sana.

"Wimbo huo umefundishwa na nani?"

Buthaina alitabasamu akamjibu kwamba alifundishwa na mama yake.

"Mama yako ndiye Fakhria?"

Hatukuwahi kutaja jina la Bi Fakhria hewani. Si siku hiyo, si siku nyingine yoyote. Nilimwona Buthaina kupitia kioo, mkono wake umesimama juu ya karatasi. Akauliza ni nani anayezungumza. Ile sauti ikasema, "Mwambie kisima bado kipo," na simu ikakatika.

Niliweka muziki. Buthaina alitoka akasimama kibarazani muda mrefu, bodaboda zikipita mbele yake. Aliporudi alinitaka nimtafutie ile namba. Tulipiga mara nyingi haikupokelewa, hadi Jumatatu alipopokea kijana mmoja aliyesema simu ni yake, ila Jumamosi ile alimwazima jirani yake, Bi Mboni, aliyekuwa akisikiliza redio kwake. Akatutajia kijiji. Kiko mbele ya Tongoni, na jina lake sitaliandika, kwa sababu ambazo zitaeleweka.

Buthaina hakumwambia mama yake. Bi Fakhria alikuwa na miaka sabini na tisa, na kumbukumbu yake ilikuwa imeanza kwenda na kurudi. Akaniomba mimi niende naye, na nikamwambia nitabeba kinasa sauti, kama kazi.

Tulifika saa tano asubuhi. Yule kijana wa simu alitupokea barabarani akatupitisha njia ya mchanga katikati ya minazi mizee, mingi imekatika vichwa. Tukasikia watoto wakicheza mbele yetu, hatuwaoni. Walikuwa wanaimba. Buthaina alinishika kiwiko. Mimi niliyatambua maneno baadaye kidogo, kwa sababu waliyaimba haraka haraka, kama mchezo.

*Nishike, nishike, mkono wateleza,*
*Nivute, nivute, jua laniishia.*

Tulipotokea walikuwa kama saba, wamezunguka mwenzao mmoja aliyechuchumaa katikati. Anayeshikwa ndiye anaingia kati. Buthaina akawauliza wimbo huo wameusikia redioni? Wakamshangaa. Msichana mmoja akasema wimbo ni wao, hata bibi zao waliucheza. Kisha akaonyesha kwa kidole nyumba ndogo ya udongo iliyojitenga na nyingine, akasema kwa sauti ya chini kwamba yule wa ndani ndiye mtoto wa Bibi wa Kisima, tusile chochote atakachotupa.

Nasema kweli, nilitaka kurudi. Buthaina miaka yote alidhani hadithi ile ni ya mama yake, kaitunga mwenyewe ya kumlazia mtoto.

Bi Mboni alikuwa ameketi kwenye mkeka anasuka ukindu. Mwanamke mwembamba wa miaka themanini, macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi. Tukampa shikamoo, akaitikia marahaba, akamtazama Buthaina usoni bila haraka.

"Umefanana naye," akasema. "Kaa, mwanangu."

Alikuwa amepika bada, ugali wa muhogo, na samaki wa nazi. Buthaina alinawa mikono, akawa wa kwanza kula. Naona hilo ndilo lililomfungua yule bibi, kwani alisubiri tule mpaka tumalize ndipo akaanza kuzungumza, na alizungumza kwa saa nzima.

Alitueleza kwamba mama yake aliitwa Sabra. Alikuwa mjane, akilinda shamba la minazi la Mwarabu mmoja wa mjini, na nyumba yake ilikuwa karibu na kisima. Alipenda watoto, na watoto waliokuja kuteka maji aliwasuka nywele wakisubiri zamu. Mwenye shamba alikuwa akija na familia yake wakati wa kuangua nazi. Alikuwa na mabinti wawili. Mkubwa, wa miaka minane, ndiye Fakhria. Mdogo, wa miaka mitano, aliitwa Rasha.

Buthaina akamkatiza. Akasema mama yake hakuwa na mdogo. Alizaliwa peke yake.

"Alikuwa naye," akasema Bi Mboni. "Nilicheza naye."

Siku moja ya kiangazi, adhuhuri, Sabra na Mboni walikuwa wamekwenda kukata ukindu. Waliporudi walikuta watu na mapanga nyumbani kwao. Rasha amepotea. Dada yake amesema Bibi wa kisimani kamchukua, kampeleka porini. Sabra alipigwa mbele ya mwanawe, akafungwa kamba katika kibanda cha jumbe, na kijiji kizima kikaingia porini kumtafuta mtoto. Jioni hiyo wanawake waliopita kando ya kisima walisikia sauti inaimba humo ndani. Wakakimbia. Kesho yake wengine wakasikia vilevile, nao wakakimbia. Ikawa kijijini hakuna anayethubutu kusogea pale, watu wakifunga milango wasisikie, kwa kuwa kila mtu alijua ni Bibi anaita watoto.

"Lakini mama alikuwa amefungwa kwa jumbe," akasema Bi Mboni. "Nilikuwa nimelala miguuni pake. Aliwaambia, mtoto yuko kisimani, nendeni mkamtoe. Aliwaambia mpaka sauti ikakauka."

Siku ya nne wakaenda. Sauti ilikuwa imekoma tangu juzi yake. Walimtoa Rasha, wakasema Bibi ndiye aliyemtumbukiza. Nyumba ikachomwa moto. Sabra na mwanawe walifukuzwa, wakatembea kuelekea Pangani wakilala njiani, na huko Sabra akafa mwaka uliofuata. Mboni alirudi akiwa mtu mzima, kwa sababu hakuwa na ardhi nyingine. Akaikuta hadithi imeshamtangulia. Watoto wake mwenyewe walizomewa kwa wimbo ule. Wote wamehama.

Kinasa sauti kilikuwa kinazunguka kwenye mapaja yangu. Kule nje watoto walikuwa bado wanaimba, na mimi nilitamani mtu awanyamazishe, kwa kuwa sasa nilijua maneno yale yalikuwa ya nani.

Bi Mboni akatupeleka kisimani. Ni umbali mfupi tu. Kimefunikwa magogo ya minazi yaliyooza, na hakuna nyayo za mtu kukizunguka. Buthaina alichungulia katika nafasi kati ya magogo. Mimi sikuchungulia.

Nyumbani Usagara tulimkuta Bi Fakhria ameketi kitandani, ameshaogeshwa na kufukizwa udi, khanga safi mabegani. Ilikuwa moja ya siku zake nzuri. Buthaina akaketi chini, karibu na miguu yake. Aliniomba nisiondoke. Hakumweleza tulikotoka, hakumtajia Mboni. Alimwambia tu, "Mama, nihadithie ya kisima."

Bi Fakhria akacheka kidogo, akaanza kama kawaida. Kitana. Mafuta. Jua utosini. Alipofika kwenye wimbo, Buthaina akamshika mkono akamuuliza taratibu, "Aliyekuwa anaimba ni Rasha?"

Uso wake haukubadilika. Alimtazama mwanawe kama anayetazama mlango unaofunguliwa na mtu aliyemsubiri.

"Hakuwa anaimba," akasema. "Alikuwa ananiita."

Kisha akayasema yote, kwa sauti ya kitoto ambayo sijaisikia kwa mtu mzima kabla ya hapo wala baada yake. Walikwenda kusukwa, Bibi hayupo. Wakajipaka mafuta wenyewe, mengi, wakicheka. Rasha akapanda kwenye ukingo kutazama uso wake majini. Akateleza. Fakhria akamdaka mkono, na mikono yote miwili ilikuwa imejaa mafuta. Maji yalikuwa machache, yalimfika mtoto kifuani. Fakhria akakimbia na kiatu kimoja. Alikuwa ameambiwa asimwachie mdogo wake mkono hata kidogo, na alimwogopa baba yake kuliko kitu chochote duniani. Akasema neno moja: Bibi. Baada ya hapo, alisema, neno likawa la watu wazima.

"Walinichukua niwaonyeshe njia aliyopita Bibi," akasema. "Tukapita kisimani. Baba akauliza, unasikia? Nikasema ndiyo, ni yeye, tukimbieni. Baba akanibeba."

Buthaina alilaza kichwa kwenye mapaja ya mama yake. Bi Fakhria akaanza kumpapasa nywele, akaanza wimbo tena tangu mwanzo, na mimi nikatoka nje kwa sababu sikuweza kuusikiliza. Nilikwenda mpaka nyumbani kwangu Nguvumali kwa miguu. Niliwaogesha wanangu jioni ile nikiwa nimewashika kwa nguvu hadi mdogo akalalamika.

Buthaina hakuja kazini wiki mbili. Aliporudi alikuwa ameshaamua, na alikuwa ameshagombana na Qais. Kaka yake alimwambia mambo ya miaka sabini iliyopita hayana faida kwa yeyote, mama yao anakaribia kaburi, na jina la marehemu babu yao litachezewa mitaani. Buthaina alimjibu kwamba jina la Sabra limechezewa mitaani miaka yote hiyo. Qais alitishia kuja kwa mwenye kituo. Hakuja. Nadhani na yeye alikuwa amekwenda kumuuliza mama yao, maana siku ya kipindi ni yeye aliyempakia Bi Mboni kwenye gari lake kumleta Raskazone, akamfungulia mlango.

Buthaina alikuwa amemweleza Bi Mboni yote aliyoyasema mama yake, na tulikubaliana kwamba hadithi hii Buthaina hataisimulia. Bi Mboni ndiye aliyeketi kwenye kiti chake. Nilimshushia kipaza sauti, nikamwekea mto. Buthaina akauliza, "Mlango?" Watoto wakajibu. Akauliza nani yumo ndani. Watoto wakajibu. Bi Mboni akavuta pumzi.

"Mimi ni mtoto wa yule mnayemwita Bibi wa Kisima," akasema. "Jina lake ni Sabra binti Mselem. Alikuwa ananisuka mistari sita."

Hakuwasimulia vipigo. Aliwasimulia watoto chakula alichopika mama yake, na jinsi alivyokuwa akikohoa kwa makusudi akikaribia nyumbani ili kuku watoke jikoni. Aliwasimulia safari ya Pangani kama mtoto anavyoiona: kulala chini ya mkorosho, mama akimwambia nyumba yao imekwenda matembezi. Alisema mtoto alitumbukia, akaita, na watu wakamdhania zimwi. Alisema sauti ikitoka mahali pa kutisha, kwanza uliza ni ya nani.

Mtoto mmoja alipiga simu, sauti ya msichana mdogo. Alitaka kujua nani alimtumbukiza yule mtoto.

Nilimtazama Buthaina. Alikuwa amefumba macho. Kule Usagara, mama yake alikuwa amewekewa redio kando ya kitanda, na tulijua anasikiliza.

"Hakuna," akasema Bi Mboni. "Aliteleza. Dada yake alimshika, lakini alikuwa mdogo naye."

Hatukumwambia aseme hivyo. Baada ya kipindi Buthaina alipiga magoti mbele yake, na yule bibi akamwambia inuka, utachafua baibui.

Bi Fakhria alifariki miezi minne baadaye, usingizini. Bi Mboni alikuja msibani, akakaa ukumbi wa wanawake pamoja na wafiwa. Wenye kujua walimpisha nafasi, wasiojua walidhani ni shangazi. Buthaina alizika siri gani pamoja na mama yake na alibaki na ipi, mimi sijui. Ile rekodi ya Bi Fakhria ninayo mimi. Kumbe siku ile kinasa sauti sikukizima, kilibaki kinarekodi begani mwangu mpaka nilipotoka. Nilimwambia, akasema niitunze, hataki kuisikia. Nami sijaisikiliza tena.

Mwaka jana kijiji kilikubali kukifukia kile kisima. Qais alilipia gari la mawe, nasi tukaenda kushuhudia. Vijana waliyatoa magogo, na kwa mara ya kwanza mwanga uliingia mpaka chini. Kulikuwa na majani makavu na maji kidogo, basi. Watoto walisimama mbali, nyuma ya minazi, hakuna aliyeimba.

Gari liliporudi nyuma tayari kumwaga, Bi Mboni akanyoosha mkono wasubiri. Akasogea mwenyewe mpaka ukingoni. Buthaina akamshika kiunoni kwa mikono yote miwili. Yule bibi akainama, akaita, si kwa nguvu, kama mtu anayemwita mtoto aje kula:

"Rasha."

Akangoja. Sote tulingoja, hata dereva alizima injini. Nilijikuta nahesabu pumzi zangu. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, na yeye bado aliinamisha sikio.

Halafu akainuka, akajikung'uta mikono.

"Haya," akawaambia vijana. "Mwageni."